Nesi mgeni, hakuna anayekujua: nilivyopata kazi ya kwanza baada ya kuhama (uzi mrefu kidogo)

#1 Zamu_Mia (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam. Jana nimemaliza zamu yangu ya mia moja. Nazihesabu kwenye kidaftari, msinicheke. Kuna kipindi niliamini sitafikisha hata moja, kwa hiyo nimekuja kulipa deni kwa walio pale nilipokuwa mimi: cheti cha uuguzi unacho, umehamia sehemu ambako hata njia ya kwenda hospitali unauliza, na kila tangazo linataka "uzoefu usiopungua miaka miwili".

Historia kwa ufupi. Nilihitimu, nikafaulu mtihani wa baraza la wauguzi, leseni nikapata. Kabla sijaanza kazi, mwenzangu akahamishwa kikazi, tukafunga mizigo. Mimi nilibeba bahasha ya vyeti na imani kwamba nesi hakosi kazi. Si ndivyo tulivyoambiwa chuoni? Mwaka 2020 WHO walitoa ripoti kwamba dunia ina wauguzi milioni 27.9 na bado kuna pengo la milioni 5.9. Nikawa nakaa sebuleni najiuliza, hilo pengo limejificha wapi mbona halinioni.

Nilituma maombi 41. Yaliyojibiwa ni mawili, yote "tunasikitika".

Kosa la kwanza lilikuwa la kijinga. Nilianza kuomba kazi kabla sijauliza habari za leseni. Leseni ya uuguzi ni ya eneo. Kuna sehemu ukihama ndani ya nchi unabadilisha anwani tu mambo yanaisha, kuna sehemu unasajiliwa upya, na ukivuka mpaka wa nchi ndiyo kabisa. Baraza la uendako linataka lithibitishiwe na baraza la utokako kwamba leseni yako ni hai na huna kesi ya nidhamu, na mara nyingi barua hiyo lazima itoke ofisi kwenda ofisi. Ukiibeba mwenyewe mkononi, hata ikiwa na mihuri saba, wanakurudishia. Yangu ilikwama kwa sababu cheti cha chuo kina jina la baba na kitambulisho kina jina la mume. Wiki tisa zikaenda hapo.

Kwa hiyo wewe unayejua utahama mwezi ujao: kabla hujatafuta maboksi, omba uthibitisho huo. Chukua matokeo ya chuo yanayoonyesha saa za mafunzo kwa vitendo, wodi kwa wodi. Lile daftari la taratibu ulizofanya mafunzoni lenye saini za wasimamizi, lipige picha kurasa zote. Langu nililiacha ndani ya boksi la viatu huko nilikotoka, na kumpata mtu wa kulitafuta ilikuwa kazi nyingine.

Sasa jambo lenyewe lililonileta hapa. Nilihangaika miezi na neno "uzoefu" mpaka nikaelewa kwamba sicho walichokuwa wanakosa kwangu. Wenzangu wa darasani waliobaki kule hawakuwa na uzoefu kunizidi hata siku moja, na waliajiriwa. Wao walikuwa na matroni aliyewaona wodini, dakta aliyewahi kuwatuma vipimo, inchaji (nesi msimamizi wa wodi) aliyejua huyu anawahi na yule ana maneno mengi. Walikuwa na shahidi. Mimi nilipohama nilimwacha shahidi nyuma, nikaja na karatasi peke yake.

Nikaanza upya na wazo hilo. Nikampigia simu msimamizi wangu wa wodi ya upasuaji, nikamwomba barua. Akaniandikia ile ya kila mtu: "ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye nidhamu." Nikamrudia kwa heshima zote: Mama, naomba unisaidie, andika ulichoniona nikifanya. Akacheka, akaandika kwamba nilikuwa nahudumia wagonjwa sita kwa zamu chini ya macho yake, kwamba nafunga vidonda bila kuvunja usafi, na kwamba usiku mmoja nilimwamsha kwa ajili ya mgonjwa ambaye presha yake ilikuwa bado nzuri ila pumzi zilikuwa zimeanza kwenda mbio. Barua mbili, mwandishi yuleyule. Ya pili ndiyo iliyosomwa.

Halafu nikaacha kutuma tu, nikaanza kwenda. Siku ya kwanza nilifika wodini saa moja asubuhi, nimenyoosha nguo, bahasha kifuani. Nesi mzima nimesahau saa moja ni saa ya makabidhiano! Inchaji alikuwa na ripoti mkono mmoja, simu mkono mwingine, ndugu wa mgonjwa wawili mbele yake, na dripu inalia huko nyuma. Akanitazama, akasema, "Dada, unaona mwenyewe." Nikatoka kimyakimya. Wiki iliyofuata nilirudi saa nane mchana, dawa za mchana zimeshatolewa na zamu ya jioni haijaingia. Inchaji yuleyule alinipa dakika kumi na kiti.

Wakati leseni inasubiriwa nilifanya kazi ya msaidizi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Najua hapo mtanishambulia, karibuni. Sehemu ya usaili nitaiandika chini, naenda kulala kwanza.

#2 Drip_Stendi

Nafuatilia nikiwa zamu ya usiku. Hiyo ya kumwendea inchaji saa moja asubuhi imenikumbusha mbali sana.

#3 Kofia_Nyeupe

Asante dada. Mimi nina miezi mitano tangu nihamie huku, sijaitwa hata kwenye usaili. Swali: hukuona aibu kuwa msaidizi wakati una diploma? Nimepata nafasi kama hiyo lakini naona kama najishusha.

#4 Mkasi_Butu

Usiende Kofia. Nasema kwa uchungu. Nilianza hivyohivyo "kwa muda", nikakaa miaka miwili nabadilisha mashuka. Mwajiri akikuzoea kama msaidizi anakuona msaidizi. Na anafurahi, maana anapata akili ya nesi kwa mshahara wa msaidizi. Usaili wangu wa kwanza wa unesi waliniuliza mara ya mwisho kuweka kanula, ule mrija wa dripu kwenye mshipa, ni lini, nikaanza kuhesabu kwa vidole.

#5 Zamu_Mia

Mkasi, pole, na sikupingi. Mtego huo upo. Mimi nilijiwekea mwisho: leseni ikitoka, siku thelathini, iwe wamenibadilishia cheo au natoka. Nikamwandikia meneja hivyo kwa maandishi siku ya kwanza, ili baadaye isije ikaonekana nimemgeuka.

Aibu? Wiki ya kwanza ndiyo. Halafu nikaona kwamba kumwogesha mzee na kumgeuza kitandani ndiko kunakokuonyesha ngozi ya kisigino na ya makalioni kabla haijawa kidonda. Nesi anayepita na kitoroli cha dawa haoni hiyo. Nilikuwa nikiona wekundu nabonyeza kwa kidole. Usipofifia naripoti siku hiyohiyo. Nesi mkuu wa pale alinijua kwa kitu hicho kimoja, na ndiye aliyekuja kuwa shahidi wangu wa huku. Barua yake iliwekwa juu ya ile ya kutoka mbali.

Ila Kofia, nisikilize hapa. Jioni moja nesi wa zamu aliondoka mapema, mzee mmoja akawa anahitaji insulini. Msimamizi akaniambia, "Wewe si nesi? Mchome tu." Leseni yangu ilikuwa bado haijatoka. Najua kuchoma insulini, nimechoma mara nyingi chuoni, na mzee mwenyewe nilikuwa nampenda. Nikakataa. Nikampigia nesi wa dharura, akaja baada ya dakika arobaini. Msimamizi alininunia wiki nzima. Kama kitu kingeharibika usiku ule, kwenye karatasi ningeandikwa msaidizi aliyetoa dawa bila kibali, na leseni niliyokuwa naisubiri ndiyo ingekuwa ya kwanza kuondoka. Ukikubali kazi ya msaidizi, fanya ya msaidizi.

#6 Mdau_Mtazamaji

Kwani maombi 41 uliyaandika tofauti au ulinakili na kubandika?

#7 Zamu_Mia

Nilinakili na kubandika. Moja lilikwenda likiwa na jina la hospitali nyingine. Tuendelee.

#8 Matroni_Mstaafu

Wanangu, nimeajiri wauguzi kwa miaka mingi, niruhusuni nizungumze kidogo.

Nilikuwa na rundo la maombi na dakika chache kwa kila moja. Kitu cha kwanza nilitafuta namba ya leseni na tarehe yake ya kuisha. Nisipoiona ukurasa wa kwanza, sifungui wa pili. Watu wanaandika "malengo yangu maishani" mistari minane, leseni wameificha chini kabisa baada ya "napenda kusoma na kusafiri".

Cha pili, kwa mtu aliyetoka mbali, nilijiuliza: huyu atakaa? Kumfundisha nesi mpya wodi ni kazi ya miezi, na ninayempa kazi hiyo ni nesi wangu bora, ambaye muda huo anahudumia wagonjwa pungufu. Akiondoka mwezi wa nne nimepoteza wawili. Kwa hiyo ukihama, andika mstari mmoja tu: nimehamia hapa na familia, nina makazi. Hutaulizwa zaidi. Nimewahi kumwacha kijana mwenye alama nzuri kwa sababu anwani yake ilikuwa bado ya kule, na hakuandika popote kwamba ameshafika.

Cha tatu, saa za mafunzo. Msiandike "nimefanya mafunzo katika wodi mbalimbali". Andikeni wodi ya watoto wiki nane, wagonjwa kwa zamu wangapi, nini ulifanya mwenyewe na nini ulitazama. Kutofautisha hivyo viwili kulinipa imani kuliko orodha ndefu. Mtu akiandika ameweza kila kitu, namwogopa.

Na msijidharau kwa sababu ya ugeni. Patricia Benner, mtafiti wa uuguzi, aliandika tangu mwaka 1984 kwamba hata muuguzi bingwa akihamishiwa wagonjwa wa aina asiyoijua anarudi kuwa mwanafunzi. Matroni anayejua kazi yake analijua hilo.

#9 Kofia_Nyeupe

Shikamoo Matroni. Nimekimbia kuangalia maombi yangu, leseni iko ukurasa wa tatu.

#10 Matroni_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Ipandishe.

#11 Zamu_Mia

Naahidi na natekeleza: usaili.

Walikuwa watatu, mmoja ni yule inchaji wa saa nane. Hawakuniuliza tafsiri ya uuguzi wala Florence Nightingale alizaliwa lini (1820, nilikuwa nimejiandaa!). Walinipa wodi ya kufikirika. Umeingia zamu. Kitanda cha kwanza, mgonjwa aliyetoka theta (chumba cha upasuaji) analia maumivu. Cha pili, dripu imeisha. Cha tatu, ndugu wanapiga kelele wanataka kuonana na daktari. Cha nne, mzee aliyekuwa akiongea sana asubuhi, sasa amenyamaza, pumzi zake ni 28 kwa dakika. Unaanza wapi?

Masikio yote yanavutwa na kelele. Nikasema naanza na aliyenyamaza. Mtu mzima anatakiwa apumue kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. 28 na ukimya baada ya maongezi ni mwili unaoanza kushindwa, na pumzi mara nyingi hubadilika kabla presha haijaanguka. Njiani namwomba mwenzangu aifunge ile dripu, na yule wa maumivu namwambia kwa mdomo kwamba nimemsikia na narudi. Inchaji akauliza, "Hiyo 28 umeipataje?" Nikajibu nimehesabu dakika nzima kwa saa ya ukutani. Akawageukia wenzake. Baadaye, nikiwa nimeshaajiriwa, ndipo nilipomwelewa: kwenye chati za wodi yake kila mgonjwa alikuwa na pumzi 18. Wodi nzima inapumua kwa pamoja kama kwaya.

Wakaniambia mpigie daktari simu, sisi tunasikiliza. Hapo ile SBAR, mpangilio wa kumpa mwenzako taarifa za mgonjwa, iliniokoa: nani na kuna nini sasa hivi, historia yake kwa ufupi, mimi naona nini, naomba nini. Fanyeni mazoezi ya kuisema kwa sauti, mbele ya kioo hata. Kichwani inakaa vizuri, mdomoni inageuka supu. Na hicho cha mwisho, ombi, ndicho wengi tunakisahau. Tunamweleza daktari mambo mengi, halafu tunanyamaza tukitegemea atajua tunataka aje.

Swali la mwisho lilikuwa: umewahi kukosea? Nilitaka kusema hapana. Nikawaambia ukweli. Nikiwa mwanafunzi niliambiwa niandae dawa ya sindano. Kwenye chati iliandikwa 1.0, nukta imefifia, mimi nikasoma 10. Nikavunja ampuli ya kwanza, ya pili, na nilipoishika ya tatu vidole vikasita: mgonjwa mmoja, ampuli zote hizi? Nikaweka trei chini, nikamwita msimamizi. Dawa haikumfikia mgonjwa. Tukaandika ripoti ya tukio, na tangu siku hiyo siandiki sifuri baada ya nukta, naandika 1 basi, na nusu naiandika 0.5, siachi nukta ikining'inia bila sifuri mbele yake.

Waliandika sana hapo. Nikadhani nimejimaliza. Siku nne baadaye wakanipigia.

#12 Bomba_Tano

Hongera sana. Naomba kuuliza wakuu, kuna wakala ananiambia ana nafasi za manesi nje, anataka nilipe "ada ya kuunganishwa" kwanza ndipo anipe jina la hospitali. Amesema nafasi zinaisha Ijumaa.

#13 Mkasi_Butu

Kimbia.

#14 Matroni_Mstaafu

Kaka, mwenzako amemaliza. Niongeze tu kwamba Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997, ibara ya 7, unasema wakala binafsi wa ajira hatakiwi kumtoza mfanyakazi ada, moja kwa moja au kwa kuzunguka, ingawa nchi inaweza kuruhusu vighairi vichache. Anayekutafutia mwajiri analipwa na mwajiri. Ada za kweli zipo, ila unazilipa mwenyewe kwa baraza la wauguzi au kwa kituo cha mtihani wa lugha, na risiti inatoka kwa jina lako. Mwombe jina la hospitali, kisha uipigie hospitali kwa namba uliyoitafuta wewe, usitumie aliyokupa yeye.

#15 Bomba_Tano

Nimemwomba jina. Ameniblock.

#16 Drip_Stendi

Mimi kazi nimepata, miezi miwili sasa, mji nisioujua mtu. Nisiwadanganye, nalia kila nikitoka zamu. Wenzangu wodini wana utani wao, wana vifupisho vyao kwenye ripoti, mimi nabaki nacheka nisichokielewa. Jana nilitafuta gozi dakika kumi, kumbe ziko nyuma yangu. Nafikiria kuacha.

#17 Matroni_Mstaafu

Mwanangu, miezi miwili ni palepale panapouma. Marlene Kramer, mtafiti wa uuguzi, alilipa jina jambo hilo mwaka 1974, mshtuko wa kukutana na kazi halisi: mwanzo furaha, kisha unaporomoka, kisha unainuka taratibu. Wewe umeongezewa na ugeni juu yake. Omba kuonana na inchaji, umwambie vitu viwili mahsusi vinavyokushinda. Usimwambie "nimechoka", hana la kufanya na hilo. Mwambie, "Vifupisho vya ripoti sivielewi, na sijazoea stoo." Hivyo vinatibika ndani ya wiki. Kama usingizi na chakula vimekukataa kabisa, hapo muone daktari, usisubiri.

#18 Zamu_Mia

Drip, mimi zamu ya kwanza nilifika nusu saa mapema, nikazunguka na kidaftari: kitoroli cha dharura kiko wapi, oksijeni inafunguliwa vipi, namba ya kuita msaada ni ipi, ufunguo wa dawa kali anao nani, gozi, glovu. Nikachora ramani. Vifupisho navyo niliviandika ukurasa wa nyuma, kila kimoja na maana yake, vikafika 34. Viwili kati ya hivyo kila mtu alikuwa na maana yake tofauti. Nilipouliza, ikawa ugomvi mkubwa wodini, ila tangu siku hiyo wakanijua jina.

#19 Drip_Stendi

Nimecheka kwa mara ya kwanza wiki hii. Kesho naanza na stoo.

#20 Kofia_Nyeupe

Mrejesho. Leseni nimeipandisha juu. Msimamizi wangu wa mafunzo ameandika barua mpya, ameweka na ile siku ya mtoto wa degedege. Nyumba ya wazee nimewaambia nitaanza Jumatatu, kwa maandishi, siku thelathini baada ya leseni. Na leo nimekwenda hospitali saa nane kamili mchana.

#21 Zamu_Mia

Eeh! Ikawaje?

#22 Kofia_Nyeupe

Inchaji yuko likizo hadi tarehe 14.

#23 Zamu_Mia

Jina lake umelichukua?

#24 Kofia_Nyeupe

Sikuchukua.

#25 Zamu_Mia

Rudi kesho. Saa nane.